Ukuta Hauzuii Harufu

Katika mambo ya maadili, maswali yaliyo magumu zaidi si yale ya mauaji na wizi, kwa kuwa hayo karibu kila jamii imekwisha kuyatolea hukumu. Magumu ni yale ambayo tendo lile lile ni kosa mahali pamoja na ni halali mahali pengine, na kilichobadilika ni mpaka wa nchi tu, au mlango wa nyumba tu. Mfano mmoja ulio wazi kabisa katika siku zetu ni mmea wa bangi. Nataka tulitazame swali moja dogo kuhusu mmea huo. Mtu mzima anapoupanda ndani ya chumba chake, katika nchi inayomruhusu, kwa matumizi yake mwenyewe na kwa fedha kidogo aliyo nayo, je, anatenda jema, anatenda baya, au anatenda jambo lisilo jema wala baya?

Swali hili sikulitoa vitabuni. Mjukuu wa dada yangu anaishi Edmonton, katika jimbo la Alberta, nchini Kanada. Ana umri wa miaka 26, anafanya kazi ya usiku ghalani, na amepanga chumba na jiko katika sehemu ya chini ya nyumba ya watu. Aliponipigia simu, baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, aliniambia kwamba anataka kupanda bangi kabatini, miche minne. Hajawahi kuipanda, na hana fedha nyingi, kwa hiyo amepiga hesabu ya kila kitu: taa moja, feni ndogo, ndoo za plastiki, udongo wa kununua, na kabati la nguo ambalo tayari analo. "Babu," akasema, "sheria inaruhusu, sitauza, na simsumbui mtu. Kuna ubaya gani?"

Hakuwa akiomba ruhusa, maana anajua siwezi kumpa wala kumnyima. Aliuliza kama mwanafunzi anavyouliza anapotaka kujua kama hoja yake inasimama. Nami nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na siku zote niliwaambia kwamba swali lililoulizwa kwa nia njema halijibiwi kwa kukemea. Nilimwomba anipe muda wa kufikiri. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyafikiri.

Kwanza tuitazame sheria. Kanada iliruhusu bangi kwa watu wazima nchi nzima tarehe 17 Oktoba 2018. Sheria ya shirikisho inaruhusu kila makazi kuwa na mimea isiyozidi minne kwa matumizi ya wenyewe. Hesabu ni ya nyumba, si ya mtu, kwa hiyo wakiishi watu watano humo bado mimea ni minne. Mtu akitoka nje anaweza kuchukua gramu zisizozidi 30 za bangi iliyokauka. Katika Alberta umri wa kuruhusiwa ni miaka 18. Katika jimbo la Quebec umri huo ni miaka 21, na kupanda nyumbani kumekatazwa kabisa. Mtu mmoja alilipinga katazo hilo mahakamani, na mwaka 2023 Mahakama ya juu kabisa ya Kanada ikaamua kwamba Quebec ina haki ya kulikataza jambo hilo. Basi hata ndani ya nchi moja, mche ule ule ni halali Edmonton na ni kosa Montreal.

Hapa kwetu Tanzania hakuna utata. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya inakataza kulima bangi, kuwa nayo, kuiuza na kuitumia, na adhabu yake ni kali sana. Kila mara tunasikia mashamba yakifyekwa na kuchomwa moto huko Arumeru na kwingineko. Yuko mkulima mwenzetu anayeupanda mmea huu katikati ya mahindi ili apate karo na chumvi, akafungwa miaka mingi gerezani. Na yuko kijana wa Edmonton anayeupanda kwa ajili ya mapumziko yake ya Jumapili, wala hapana askari anayemgusa. Jambo la ajabu ni kwamba kwetu jua ni la bure lakini sheria inakataza, na kule sheria inaruhusu lakini jua halipo. Katika Edmonton siku fupi kabisa ya Desemba mwanga wa jua hudumu saa 7 na nusu hivi, na baridi ya nje inaua mche wowote laini. Ndiyo maana mmea uliozoea uwanda na mabonde umeingizwa kabatini.

Mtu anaweza kutazama tofauti hizi akasema, "Basi maadili ni mchezo wa ramani tu." La hasha. Tofauti hizi zinatufundisha jambo jingine, nalo ni kwamba ruhusa na wema ni vitu viwili. Kama kuvuka mpaka wa Quebec na Ontario kungeweza kugeuza ubaya kuwa wema, basi wema ungekuwa kitu hafifu sana. Vivyo hivyo tusidhani kwamba kila kinachokatazwa na sheria ya kwetu ni dhambi kwa asili yake. Sheria ni mapatano ya watu wa mahali fulani kuhusu namna ya kuishi pamoja. Mwenye kuishi hapo anapaswa kuitii, na akiiona mbaya aipinge kwa njia zilizo wazi. Lakini sheria haiwezi kufanya kazi ya dhamiri kwa niaba ya mtu. Shuleni tulikuwa na kanuni inayomruhusu mwanafunzi kutoka bwenini Jumamosi mchana. Kanuni hiyo haikumwambia aende wapi. Ilimwachia jambo hilo, na hapo ndipo tulipomjua yeye ni mtu wa namna gani.

Kwa hiyo hoja ya kwanza ya kijana wangu, kwamba sheria inaruhusu, ni ya kweli, lakini haijibu swali lake. Inaeleza tu kwa nini askari hatabisha mlango.

Hoja yake ya pili ina uzito zaidi. Anasema, "Ni ndani ya nyumba yangu." Hoja hii imewashughulisha majaji wakubwa. Mwaka 1975 Mahakama Kuu ya jimbo la Alaska, Marekani, iliamua kwamba haki ya faragha ya mtu nyumbani mwake inamlinda mtu mzima anayekuwa na bangi kidogo kwa matumizi yake. Karibu nasi zaidi, tarehe 18 Septemba 2018, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwa kauli moja kwamba kumwadhibu mtu mzima kwa kutumia, kuwa na, au kupanda bangi faraghani kwa ajili yake mwenyewe kunavunja haki yake ya faragha. Hukumu hiyo iliandikwa na Jaji Raymond Zondo. Mmoja wa waliofungua shauri alikuwa Gareth Prince, muumini wa Rastafari aliyesomea sheria, ambaye mwaka 2002 mahakama hiyo hiyo ilimkatalia shauri lake la dini kwa tofauti ya jaji mmoja. Miaka 16 baadaye alirudi kwa mlango mwingine, mlango wa nyumba, akapita.

Nakuomba, msomaji, uangalie majaji walisema nini na hawakusema nini. Hawakusema kwamba bangi ni njema, wala kwamba haidhuru. Walisema kwamba dola isiingie humo. Hukumu ile inahusu mipaka ya askari zaidi kuliko sifa za mmea. Na katika jambo hilo mimi nawaunga mkono kwa moyo wote, maana wazo la nyumba kuwa na heshima yake si geni kwetu. Mswahili haingii nyumba ya mtu bila kupiga hodi, na asipokaribishwa baada ya hodi ya tatu hugeuka akarudi alikotoka. Hata balozi wa nyumba kumi hupiga hodi. Nchi ambamo serikali haipigi hodi ni nchi ambamo hakuna anayelala usingizi.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha uhuru kilichotoka mwaka 1859, alieleza kwamba jamii ina haki ya kumzuia mtu kwa nguvu pale tu anapowadhuru wengine, na kwamba kumtakia mtu mema si sababu ya kutosha ya kumlazimisha. Wengi wanaoitetea bangi ya nyumbani wanasimama juu ya msingi huu, hata kama hawajui jina la mwenye msingi. Ukiuchunguza utaona kwamba uzito wote umewekwa juu ya neno "wengine". Basi hatuna budi kuuliza hao wengine wako wapi. Kijana wangu anasema hawako, kwa sababu kabati lina mlango na chumba kina ukuta.

Nami ndipo nilipochukua karatasi nikaandika orodha yake ya gharama, moja baada ya nyingine, kama tulivyokuwa tukifanya katika somo la hesabu.

Taa. Mmea huu husoma urefu wa usiku. Usiku ukiwa mfupi hukua majani, na usiku ukiwa mrefu, kama saa 12, hutoa maua, na maua ya mmea jike ndiyo yanayotafutwa. Kwa hiyo wapandaji wa ndani huwasha taa saa 18 kwa siku katika miezi ya kwanza. Chukua taa ya wati 200, iwashe saa 18 kwa siku 30, nawe utapata uniti 108 za umeme kwa mwezi. Kwa kulinganisha, daraja la wateja wadogo wa TANESCO ni la nyumba zisizozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, na humo mna taa, redio, pasi na televisheni za familia nzima. Nikamuuliza, "Umeme nani analipa?" Akajibu, "Umo ndani ya kodi, babu." Maana yake ni kwamba mwenye nyumba analipa. Kumbe sehemu kubwa ya bei nafuu ile haikutokana na ujanja wa kubana matumizi. Ilitoka katika mfuko wa mtu mwingine ambaye hajaambiwa.

Maji. Mimea hunyweshwa, na majani hutoa unyevu hewani. Katika chumba kilichofungwa, wakati wa majira ya baridi, unyevu ule hugota kwenye kuta zilizo baridi ukawa matone, na baada ya muda huota ukungu. Ukungu huo hubaki ukutani baada ya mpangaji kuhama, na atakayeuvuta mapafuni ni mpangaji anayekuja, labda mtoto mwenye pumu.

Harufu. Maua yakikaribia kukomaa hunuka sana, nayo harufu hiyo haijui mlango wala kabati. Upo mtambo wa kuichuja hewa kwa mkaa, lakini huo una bei yake, na kijana wangu aliuondoa katika orodha ili fedha zitoshe. Basi gharama ile aliyoiondoa haikupotea. Imepanda ngazi ikaingia katika sebule ya jirani, ambaye atailipa kwa pua yake.

Nyaya. Taa yenye joto, feni, maji na waya wa kuunganishia, vyote ndani ya kabati la mbao lenye nguo pembeni. Sina haja ya kueleza. Moto ukitokea hauulizi nani alipanda.

Mwisho ni anga yetu sote. Mwaka 2012 mtafiti wa nishati Evan Mills, wa California, alikadiria kwamba kilimo cha bangi cha ndani kilikuwa kinatumia kama asilimia 1 ya umeme wote wa Marekani. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walikadiria kwamba kila kilo moja ya maua makavu yaliyokuzwa ndani, katika maghala makubwa ya biashara, husababisha hewa ya ukaa kati ya kilo 2,300 na 5,200 hivi, kutegemea mahali. Kabati la kijana mmoja ni kitu kidogo sana mbele ya maghala hayo, nami sitaki kumtwisha dhambi za viwanda. Lakini uhakika unabaki kwamba kuiga jua kwa nyaya ni kazi ghali, na kwamba moshi wake hauishi Edmonton peke yake.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mimi ningeongeza kwamba rahisi ya mmoja aghalabu ni ghali ya mwingine. Gharama ni kama maji katika ndoo iliyotoboka. Ukiyakosa ndoani yatafute sakafuni. Kila mara mtu anapojisifu kwamba amefanya jambo kwa fedha kidogo, iwe ni kupanda bangi au kujenga nyumba au kuendesha kiwanda, adabu inamtaka aulize, "Je, nimeipunguza gharama, au nimeihamisha tu?" Kuipunguza ni werevu. Kuihamisha kwa mtu ambaye hakuulizwa ni aina ya wizi mdogo, hata kama hakuna sheria inayouita hivyo.

Hapa lazima niwe mwadilifu kwa upande wa pili, maana kijana wangu si mjinga na alinijibu. Alisema, "Babu, mbona pombe? Mtu akitengeneza pombe nyumbani hamumuulizi haya yote. Na pombe inaua zaidi." Ni kweli. Katika maisha yangu ya ualimu nimewazika walimu hodari walioangushwa na pombe, wala sikumbuki hata mmoja niliyemzika kwa sababu ya bangi. Sheria za dunia hazikupangwa kwa mizani ya madhara peke yake. Bangi iliingizwa katika mkataba wa kimataifa wa Geneva wa mwaka 1925, kisha katika Mkataba Mmoja wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961, na humo iliwekwa hata katika orodha ya dawa zilizohesabiwa kuwa hatari zaidi. Mwezi Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa katika orodha hiyo kwa kura 27 dhidi ya 25, ingawa imebaki chini ya udhibiti. Jambo linaloamuliwa kwa kura mbili si jambo ambalo mzee anaweza kulitolea amri kwa kupiga meza.

Lakini kuonyesha kwamba jirani ni mchafu hakukutakasi wewe. Kama pombe hudhuru na jamii inaifumbia macho, hiyo ni sababu ya kuiuliza pombe maswali yale yale. Si sababu ya kuacha kuuliza. Naam, mwenye kupika pombe kwa kuni za mwenzake, na moshi wake ukaingia dirishani kwa mgonjwa, yeye naye ana neno la kujibu.

Pia kuna wema katika jambo hili ambao sitauficha. Anayepanda mwenyewe hanunui kwa wahalifu, wala fedha yake haiendi kwa watu wanaouana kwa ajili ya njia za magendo. Anajua alichopulizia majani na ambacho hakupulizia. Na kilimo, hata cha ndoo nne, humfundisha mtu subira, kwa kuwa kutoka mche hadi maua makavu ni kazi ya miezi mitatu, minne au zaidi, wala hakuna njia ya mkato. Mtu anayengoja miezi minne kwa mikono yake ana nafasi ya kufikiri ambayo mnunuzi wa dukani hana. Kama angalikuwa na nyumba yake, mita yake ya umeme, na majirani walio mbali, sehemu kubwa ya hoja zangu zingekuwa zimekwisha, na ningebaki na moja tu.

Hiyo moja ndiyo iliyonisumbua zaidi, na sikuifikia mpaka mwisho wa mazungumzo yetu ya pili. Mdogo wake, mwenye umri wa miaka 16, amepata nafasi ya kwenda kusoma huko, na atakaa naye. Chumba ni kimoja. Kabati ni lile lile.

Sheria ya Alberta inasema miaka 18, na sababu zake si za kubuni. Ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na matumizi ya mara kwa mara katika umri mdogo huhusishwa na udhaifu wa kumbukumbu na masomo, na kwa baadhi ya vijana huongeza hatari ya maradhi ya akili. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba karibu mtumiaji mmoja katika kila kumi huishia katika uraibu, na wanaoanza wakiwa vijana wamo katika hatari kubwa zaidi. Kanada yenyewe imeshuhudia watoto wengi zaidi wakifikishwa hospitali kwa kula bangi bila kujua, hasa tangu vyakula vilivyotiwa bangi viliporuhusiwa kuuzwa mwaka 2019.

Lakini tuseme yule mdogo hataigusa kamwe. Bado kuna somo ambalo kabati litamfundisha kila siku kwa muda wa miezi minne. Atamwona kaka yake, ambaye ndiye baba yake huko ugenini, akiamka alasiri na jambo la kwanza ni kufungua kabati. Atajifunza ni kitu gani katika nyumba ile kinachopewa mwanga saa 18, na ni kitu gani kinachosubiri. Sisi walimu tunalijua jambo hili kuliko watu wengine wote. Mtoto hasomi tunachokisema ubaoni peke yake. Anasoma tunachokiangalia mara kwa mara. Nimeona wanafunzi wa ualimu wakisahau mihadhara yangu yote ya saikolojia ya elimu, lakini miaka 20 baadaye bado wanakumbuka ni mkufunzi gani aliyekuwa akichelewa darasani.

Na mavuno je? Mimea minne ikistawi inaweza kutoa zaidi ya anavyohitaji mtu mmoja anayevuta Jumapili tu. Kuuza ni kosa. Kutupa kutamuuma, kwa sababu amegharimia. Basi atawagawia rafiki, au ataongeza siku za kutumia, Jumapili ikawa Jumapili na Jumatano. Kitu kikiwa karibu na kingi, hamu hujifunza njia. Sisemi kwamba lazima iwe hivyo. Nasema kwamba anayeweka ghala lazima aijue tabia ya maghala.

Kwa hiyo nilimjibu hivi. Sikumwambia kwamba ni haramu, kwa sababu hakuniuliza habari ya dini, na sheria ya mahali alipo haimzuii. Wala sikumwambia kwamba ni sawa. Nilimpa maswali matatu, nikamwomba ayajibu mwenyewe kwa uaminifu kabla ya kununua taa. La kwanza, ni nani anayelipa sehemu ya gharama hii ambaye hajaulizwa? La pili, ni nani anayeishi ndani ya ukuta huu ambaye hakuchagua? La tatu, ukisikia kwamba kesho huwezi kuendelea, utasikitika kama mtu aliyekosa mchezo, au kama mtu aliyekosa chakula?

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba la kwanza anaweza kulijibu kwa kumuuliza mwenye nyumba. Nikamwambia aanze hapo. Baada ya wiki mbili aliniarifu kwamba amemuuliza. Alichojibiwa ni chao wao wawili, nami sikukidadisi. Kwangu lililokuwa muhimu ni kwamba alipiga hodi. Kuhusu mdogo wake, alisema bado anafikiri, nami nikaona hilo nalo ni jibu la mtu mzima.

Naona sasa kwamba swali letu la mwanzo lilikuwa limeulizwa vibaya. Tulidhani kazi yetu ni kuutazama mmea na kuamua kama ni mwema au mwovu. Mmea hauna hatia wala sifa. Unaota tu panapokuwa na mwanga. Tulidhani pia kwamba ukuta unagawa ulimwengu sehemu mbili, nje ambako kuna wajibu, na ndani ambako kuna uhuru tu. Ukuta hufanya kazi moja njema, nayo ni kumzuia askari na mmbeya. Hauzuii umeme unaotoka mfukoni mwa mwingine, hauzuii unyevu wala moto, hauzuii harufu, na hauzuii macho ya mtoto aliyemo humo humo. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba mchuma janga hula na wa kwao.

Nchi zinazowaruhusu watu kupanda ndani zinazidi kuongezeka. Uruguay ilianza mwaka 2013, Malta ikafuata mwaka 2021, na Ujerumani mwaka 2024. Huenda siku moja swali hili litafika hata kwetu, kwa njia ya bunge au ya mahakama. Likifika, tusipoteze nguvu zetu zote katika kubishana kama serikali iingie chumbani au isiingie. Hilo lina jibu lake, na wanasheria watalitoa. Kazi iliyo ngumu zaidi itakuwa imebaki, nayo haina mahakama. Serikali ikikubali kubaki nje ya mlango, mwenye nyumba ndiye atakayekuwa sheria, askari na hakimu humo ndani, juu ya nafsi yake na juu ya wote wanaovuta hewa yake. Hiyo si kazi ndogo, na haipaswi kuanzwa na mtu ambaye amepiga hesabu ya taa na ndoo peke yake.